Nyumba ya Bibi, Kariakoo: shajara ya ukarabati

Novemba 2024

Kikao cha familia kimekwisha na uamuzi ni kukarabati. Yule mwenye mtaji aliyetaka tumpe kiwanja ajenge ghorofa, kisha atukatie sakafu mbili, ameambiwa asubiri. Mwezi mmoja uliopita nusu ya ndugu walikuwa upande wake. Halafu tarehe 16 jengo la ghorofa likaporomoka hapa hapa Kariakoo, likaua watu zaidi ya 20, na hakuna aliyekuwa na hamu tena ya kusikia habari za sakafu mbili. Shangazi, ambaye ndiye msimamizi wa mirathi, alifunga mjadala: "Nikifa mtauza. Nikiwa hai mtaezeka."

Basi tunaezeka.

Nyumba yenyewe kila aliyekulia Dar anaijua hata kama hajawahi kuingia ndani. Baraza mbele, mlango wa mabamba mawili, ukumbi ulionyooka kutoka mlango wa mbele mpaka wa nyuma, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto. Nyuma ni uani: jiko, stoo, bafu, choo, karo la kufulia. Vyumba viwili vya mbele viligeuzwa fremu zamani. Kimoja kinauza vitenge, kingine mabegi. Kodi ya fremu hizo ndiyo itakayolipa kazi hii yote, kwa hiyo nimeshaonywa: huko mbele usiguse kitu mpaka mwisho.

Hali ilivyo: bati limeoza kwenye kona tatu. Ukuta wa chumba cha kati kushoto umetokeza tumbo. Mlango wa uani haufungi. Sakafu ya ukumbi, ile nyekundu ya kung'arishwa, imepasuka katikati lakini bado nzuri. Mchwa wapo, wanasikika.

Fundi wa kwanza alizunguka nyumba mara moja tu, akarudi barazani akasema, "Dada, hii tuishushe tu, tupandishe tofali." Wa pili akasema vilevile. Wa tatu, mzee wa Mkuranga ambaye bado anajenga za udongo kwao, alipiga ukuta kwa fundo za vidole kila baada ya hatua moja, akisikiliza, mpaka akamaliza nyumba nzima. Huyo ndiye tuliyemchukua.

Desemba

Tumebandua lipu chumba chenye tumbo. Nilidhani tutakuta ukuta. Tumekuta kumbukumbu za matengenezo ya miaka mingi, moja juu ya nyingine.

Juu kabisa kuna rangi ya mafuta ya kijani, ile ya kupaka mpaka kifuani ili ukuta ufutike kwa kitambaa. Chini yake rangi ya bluu, halafu maziwa, halafu lipu ya saruji yenye unene wa vidole viwili. Chini ya saruji ni lipu ya chokaa, laini, imepakwa chokaa nyeupe juu yake tabaka kwa tabaka mpaka hazihesabiki. Chini ya chokaa ni udongo mwekundu uliosindiliwa pamoja na vipande vya mawe ya matumbawe. Ndani ya udongo kuna fito za kulala, zimefungwa kwa kamba za makumbi kwenye nguzo za mikoko zilizosimama. Kamba ile, ukiivuta, baadhi yake bado inakaza.

Baba Mdogo anakumbuka saruji ilipopigwa. Alikuwa shule ya msingi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Bibi alijivuna nayo mtaa mzima. Saruji ilikuwa heshima. Sasa fundi mkuu ananionyesha kwamba ni hiyo heshima iliyoumiza ukuta. Udongo hunyonya unyevu kutoka ardhini, na zamani ulikuwa unautoa kwa kupitia chokaa, kwa sababu chokaa inapumua. Saruji ikauziba. Maji yakabaki ndani, udongo ukalainika ukashuka, chumvi ikatoka, na lipu ikabaki imesimama peke yake, nyuma yake tupu. Ndiyo maana mzee alikuwa anapiga fundo: alikuwa anatafuta sehemu zinazoitika tupu. Ziko nyingi kwenye mita ya kwanza kutoka chini. Juu ya hapo ukuta ni mzima kabisa.

Kwa hiyo swali ambalo sikulifikiria wakati wa kikao limeshatukabili: tunarudisha nyumba ya mwaka gani? Ya saruji, ambayo Baba Mdogo anaiita "nyumba yenyewe"? Au ya chokaa, ambayo ni Shangazi peke yake anayeikumbuka vizuri? Kila mmoja ana nyumba yake kichwani na zote ziko kwenye kiwanja kimoja.

Tumekubaliana kwa sababu ya kiufundi tu: mita ya chini kote tunarudi kwenye udongo na chokaa. Saruji iliyoshika vizuri juu inabaki. Baba Mdogo ameridhika nusu.

Januari 2025

Paa. Masika huanza Machi, kwa hiyo paa ndilo linalotukimbiza.

Tulipotoa mabati ya nyuma, fundi wa paa alikaa juu ya ukuta kimya, kisha akaniita nipande ngazi. "Angalia mlalo wake. Huu si mlalo wa bati." Bati linaridhika na mteremko mdogo; makuti hayakubali, yanataka paa lisimame, karibu nyuzi 45, la sivyo maji hayateremki haraka, yanakaa, yanaozesha. Paa letu limesimama hivyo. Na makombamoyo yake ni miti ya duara, haikuchongwa wala kupasuliwa, imepangwa karibu karibu kuliko bati linavyohitaji. Maana yake nyumba hii ilijengwa kwa makuti, ikavishwa bati baadaye bila mtu kugusa umbo lake. Shangazi alipoulizwa alishangaa kwamba hatukujua. Bati lilikuja yeye akiwa mtoto mdogo, na jambo analolikumbuka ni kelele za mvua ya kwanza.

Upande wa jiko, chini ya bati, kuna kiraka cha madebe: mikebe ya mafuta ya taa iliyokatwa, ikafunguliwa, ikanyooshwa kwa nyundo na kupigiliwa kama shiti. Kuna wakati mitaa hii ilikuwa na mapaa mazima ya madebe. Hiki kipande nimekiweka kando.

Sasa, habari ya paa ilinirudisha kwenye sanduku la Bibi, kwa sababu ndani yake kuna risiti za kodi ya kiwanja za enzi ya Mwingereza. Sikuwahi kuzielewa. Kodi ya nini, kama nyumba ni yako? Nimesoma na kuuliza na sasa naelewa zaidi. Wajerumani, waliofanya Dar es Salaam makao yao makuu mwaka 1891, waligawa mji kwa aina ya jengo: huku nyumba za mtindo wa Kizungu, kule majengo ya mawe na saruji ya biashara, na kule pengine nyumba za aina yoyote. Waingereza waliouteka mji Septemba 1916 wakaendeleza kanda hizo tatu, na kila mtu mjini akazijua kwa jina la watu wake: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Sheria ilikuwa inazungumza habari za kuta na mapaa, lakini ilikuwa inapanga watu. Viwanja vya Mnazi Mmoja viliachwa wazi katikati kama uzio usio na miti.

Eneo hili lilipimwa na Wajerumani mwishoni mwa utawala wao: mitaa iliyonyooka, viwanja vya ukubwa mmoja. Vita vilipokuja, Waingereza wakaweka hapa kambi ya wapagazi wa Carrier Corps, na baada ya vita viwanja vikajazwa na watu waliojenga kwa walichonacho. Ardhi ilikuwa ya serikali. Mwenye nyumba alilipia kiwanja. Na nyumba ya nguzo na udongo haikuhesabiwa kuwa jengo la kudumu. Bibi alilipia kwa miaka mingi haki ya kuweka kitu cha muda mahali pa muda.

Hicho kitu cha muda ndicho tunachokihangaikia leo.

Februari, mwanzoni

Nguzo. Hapa ndipo kazi ilipo.

Mkoko ni mti wa ajabu. Sehemu iliyo ndani ya ukuta ni ngumu kama chuma, msumari unapinda. Sehemu iliyochimbiwa ardhini, na hasa pale udongo unapokutana na sakafu, ndipo mchwa na unyevu walipokula. Nguzo nyingi za upande wa kushoto hazina mguu; zimekuwa zinaning'inia kwenye fito, na ukuta unabeba nguzo badala ya nguzo kubeba ukuta.

Utaratibu wa fundi mkuu ni huu. Kwanza mirunda na jeki chini ya mtambaapanya, ule mti unaolala juu ya ukuta na kubeba paa, mpaka uzito wa paa uondoke kwenye ukuta. Hapo hakuna haraka. Jeki inazungushwa kidogo, anasubiri, anasikiliza, anazungusha tena. Kisha anafukua mguu wa nguzo moja, anaukata palipo pazima, anamwaga kizibo cha zege chenye kusimama juu ya usawa wa sakafu, anaunga kipande kipya cha mti kwa kukatiana nusu kwa nusu na boliti mbili. Halafu nguzo inayofuata. Hazifanywi mbili zilizokaribiana kwa siku moja.

Kipande kipya ni cha nini? Nilitaka mkoko. Msitu mkubwa kuliko yote wa mikoko Tanzania uko delta ya Rufiji, na boriti za huko zilivuka bahari na majahazi mpaka Uarabuni na Ghuba kwa karne nyingi. Miji isiyo na miti ilijengwa kwa miti hiyo. Hata kipimo cha vyumba kinatokana nayo. Vyumba vyetu vyote vina upana wa karibu mita 3, na hakuna aliyekaa chini akachora hivyo; boriti ilipoishia ndipo chumba kilipoishia. Lakini leo mikoko inalindwa, kuikata kunataka kibali, na sokoni ukiuziwa boriti huwezi kujua imetoka wapi. Tumechukua nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa, za Nyanda za Juu Kusini. Zimenyooka mno. Zikikaa karibu na za zamani zinaonekana kama wageni waliovaa suti, lakini zitafunikwa na udongo.

Februari, mwishoni

Mpangaji wa chumba cha nyuma kulia, mama mtu mzima aliyekaa hapa tangu kabla sijazaliwa, hataki kuhama wakati wa kazi. Amehamia chumba cha pili na jiko lake. Kila asubuhi anawapikia mafundi chai na mihogo na kuwasimamia kuliko mimi.

Yeye ndiye aliyenieleza jambo la kuta. Kuta za kati za vyumba haziendi mpaka juu. Zinaishia usawa wa mtambaapanya, na hapo juu hewa ya nyumba nzima ni moja. Mimi nililiona kama upungufu wa fedha. Yeye akacheka. "Joto la Dar hili, ungeziba ungelala wapi?" Hewa ya moto inapanda, inatafuta mwanya chini ya paa, inatoka, mlango wa mbele na wa nyuma vikiwa wazi, upepo unapita ukumbini mchana kutwa. Na siri? "Siri mtu alikuwa anakwenda kuzungumzia nje." Ugomvi wa mume na mke ulisikilizwa na vyumba vyote sita, na kesho yake asubuhi uani kila mtu anajifanya amelala usingizi mzito.

Vyumba sita, familia sita. Katika mji ambao watu walikuja kutafuta kazi bandarini na relini, chumba kimoja cha kupanga ndicho kilichokuwa mlango wa mji. Na wenye nyumba wengi hapa walikuwa wanawake. Nyumba ilikuwa shamba lao la mjini: kodi ya chumba hiki ndiyo ada ya shule, ya kile ndiyo bati. Bibi hakuwa mtu wa pekee. TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954 pale mtaa wa New Street, ambao leo ni Lumumba, na mwaka uliofuata Bibi Titi Mohamed akapewa kazi ya kuwaingiza wanawake, vikundi vya ngoma vya wanawake ndivyo vilivyompa wanachama. Wanachama hao walikuwa wanakaa katika nyumba kama hizi. Shangazi anasema ukumbi wetu ulijaa mikeka siku za ngoma na watoto walifukuzwa uani.

Nikiutazama ukumbi sasa, upana wake unanipa maana nyingine. Ni mpana kuliko njia ya kupita, mwembamba kuliko sebule. Unatosha mikeka miwili sambamba na mtu apite katikati.

Machi

Paa limefungwa. Bati jipya la rangi ya kawaida, lisilopakwa, kwa sababu Shangazi aliapa kwamba hatakaa chini ya paa la bluu. Umbo halikuguswa. Makombamoyo mabovu yalibadilishwa, mengi yamebaki.

Kibali cha ukarabati kilipatikana kabla ya mvua. Fomu ina nafasi ya kujaza idadi ya ghorofa, tuliandika sifuri.

Chokaa: zamani ilichomwa kwenye tanuri kwa mawe ya matumbawe, na pwani yote ilijengwa hivyo. Siku hizi kuvunja matumbawe ni kuua mazalia ya samaki, na haina haja, maana chokaa ya mifuko inatoka Tanga. Tumeilowesha kwenye mapipa mawili uani, maji yakiwa juu yake muda wote, iive mpaka mvua zikatike. Fundi anasema ikikaa zaidi ndiyo inavyokuwa siagi. Mpangaji wetu amepiga marufuku mtoto yeyote kusogelea mapipa.

Aprili

Mvua. Ukuta wa udongo haufanyiwi kazi mvua ikinyesha, kwa hiyo mafundi wako kwao wanalima na mimi natembea mtaani na mwavuli.

Nilikwenda Boma la Kale, pale karibu na bandari, jengo la enzi ya Sultani Majid bin Said, la miaka ya 1860, mojawapo ya machache yaliyobaki tangu mji unaanza. Ndani yake kuna Kituo cha Urithi wa Usanifu Majengo, DARCH, na maonyesho ya historia ya ujenzi wa mji. Nilichokwenda kuangalia hasa ni dari: boriti za mikoko, zimelala sambamba, nafasi kati ya moja na nyingine ni ileile ya kwetu. Jengo la Sultani na nyumba ya Bibi viliagiza miti duka moja. Tofauti ni kwamba yeye alijaza mawe, sisi tukajaza udongo, na sheria ikaja baadaye ikamwita mmoja wa kudumu.

Kisha Soko la Kariakoo. Nimepita hapo maisha yangu yote bila kutazama juu. Msanifu wake ni Beda Amuli, Mtanzania aliyesomea chuo cha Technion kule Haifa, Israeli, mmoja wa Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki kufungua ofisi yao wenyewe ya usanifu. Soko lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 mahali palipokuwa na soko la kikoloni. Nguzo zake za zege zinafunguka juu kama miavuli iliyopinduliwa, na si urembo mtupu: paa linakusanya maji ya mvua, maji yanashuka kwa ndani ya nguzo, yanaingia kwenye matangi ya chini. Katikati ya mji wa joto alijenga kivuli kikubwa kilicho wazi pembeni ili hewa ipite. Moto wa Julai 2021 uliliunguza na likaingia kwenye ukarabati mkubwa. Kwangu ndilo jengo bora kuliko yote Dar es Salaam, na niko tayari kubishana na yeyote.

Nilirudi nyumbani nikatazama mfereji wa paa unaomwaga kwenye pipa la Bibi uani. Wazo ni lilelile, zege ndiyo hakuna.

Jambo jingine nililoliona kwa kutembea: maghorofa. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980 na wenye mitaji wakaja, nyumba za Kiswahili zilianguka moja moja, na mahali pake yakasimama majengo ya ghorofa sita, kumi na zaidi. Watu husema mtaa umefutika. Simama ng'ambo ya Mtaa wa Msimbazi uangalie vizuri. Upana wa kila ghorofa ni upana wa kiwanja kilekile kilichopimwa na Wajerumani kwa ajili ya nyumba ya chini. Ndiyo maana yamebanana hivyo, marefu na membamba, ukuta kwa ukuta, dirisha la mtu linatazama choo cha mwenzake. Na ukiingia chini, mengi yana ujia katikati, maduka kulia, maduka kushoto, mlango wa nyuma kule mwisho. Ramani ya ukumbi na vyumba imepanda juu tu, ikapoteza uani.

Uani ndio uliokuwa unaleta hewa. Kila kitu kimebaki isipokuwa hicho, na hicho ndicho kilichokuwa kinaifanya iweze kukalika.

Mipango ya mji haikukosekana. Kampuni ya Sir Alexander Gibb ilichora mwaka 1949, Wakanada wakachora 1968 na tena 1979. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa 1962, lilianza kwa kubomoa nyumba za udongo na kujenga za tofali mahali pake, Magomeni ikiwa mfano unaojulikana. Lakini hata waliobomoa walishindwa kuiacha ramani: nyumba nyingi za tofali za wakati ule zina ukumbi katikati na uani nyuma, kwa sababu wapangaji walijua kuishi hivyo na wenye nyumba walijua kupangisha hivyo.

Mei, mwishoni

Jua limerudi. Kabla ya lipu, suala la jirani: kiwanja cha kulia kwetu kimezungushiwa mabati na tunasikia watachimba chini kwa ajili ya stoo. Tumekwenda na Baba Mdogo kwa mwenyekiti wa mtaa, tukapiga picha za ukuta wetu wa upande huo hatua kwa hatua, tarehe ikionekana, na mhandisi wa jirani ameahidi kwa maandishi kuweka kinga kabla ya kuchimba. Ukuta wa udongo una jambo moja zuri: ukitikiswa unapasuka taratibu, unakupa taarifa. Fundi ameweka vipande vya lipu juu ya nyufa za zamani, vikikatika tutajua.

Juni

Udongo mwekundu umeletwa na lori kutoka nje ya mji, umekanyagwa kwa miguu na maji na majani makavu, ukarushwa kwa mikono kwenye fito mpya. Vijana wa saidia, waliozoea tofali na saruji, walicheka siku ya kwanza. Siku ya pili waliona kwamba kazi hii haina mkato. Udongo mbichi mno unashuka, mkavu mno haushiki. Kijana mmoja sasa ana mkono mzuri kuliko fundi mwenyewe, na fundi ameshaanza kumwita "mwalimu" kwa kejeli.

Lipu ya chokaa: kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga, tabaka nyembamba, unanyunyizia maji, unasubiri, unarudia. Haikauki kwa siku moja kama saruji, na yeyote anayelipa mafundi kwa siku ataona uchungu wake. Tulikubaliana malipo ya kazi nzima.

Rangi: chokaa nyeupe juu. Chini mpaka kifuani wapangaji walitaka ile kijani. Rangi ya mafuta ingeziba ukuta tena, kwa hiyo tumetia rangi ya unga kwenye chokaa tukapata kijani kilichofifia kidogo. Haifutiki vizuri kama ya mafuta. Wameshanilaumu.

Mzozo wa dari ulichukua vikao viwili. Vijana wa familia wanataka jipsamu kila chumba, na taa za kuzama. Mama mpangaji na Shangazi wanasema mkifunga tutaiva. Matokeo: dari ya mbao vyumba viwili tu, imeachiwa mwanya kote pembeni na matundu kwenye kipembe cha paa. Vingine vinabaki wazi kama zamani, siri zikazungumziwe nje.

Julai

Sakafu nyekundu ya ukumbi tumeiziba ufa na kuisugua kwa nta. Ufa unaonekana. Mlango wa mbele umevuliwa, umekwanguliwa rangi, bawaba zimetiwa mafuta. Mbao ni ngumu, fundi seremala anasema mninga. Kizingiti cha juu kina mchoro mdogo wa maua kwenye kona, uliokuwa umezama kwenye rangi. Hakuna aliyejua upo.

Zikabaki fremu. Wazo langu la mwanzo lilikuwa kuzifunga na kurudisha vyumba vya mbele, tupate uso wa nyumba kamili na baraza ndefu. Nimeliacha. Hesabu haikubali, lakini pia nimeona kwamba fremu ni tabaka kama zile za ukutani. Wakati wa Bibi chumba kilipangishwa kwa kulala, sasa kinapangishwa kwa kuuza vitenge, na nyumba inajilipia kwa namna ileile. Tulichofanya ni kutoa lile banda la chuma lililojitokeza nje na kuifunua baraza mbele ya fremu zote mbili. Muuza vitenge alinuna mpaka alipoona wateja wanakaa hapo wakisubiri wenzao, wakinyoosha kitenge mapajani. Sasa anatandika mkeka mwenyewe. Muuza mabegi bado amenuna.

Kazi iliyobaki ni choo na shimo la maji machafu, ambayo ni ghali kuliko yote niliyoandika hapa na haina historia yoyote ya kusimulia. Mafundi wanaanza Jumatatu. Mlango wa uani bado haufungi.